Mheshimiwa Mmoja Pungufu

Sura ya Saba

"Farasi ni yeye, huyo namjua," alisema mzee Tunis, mvushaji wa kivuko cha Marlbury. "Aliyempanda ndiye sina uhakika naye."

Enos Ruddock alihamisha fimbo yake kutoka kwapa hili kwenda lile. Ilikuwa fimbo ndefu yenye kichwa cha shaba, na mwenye kuishika ndiye Mpambe wa Bunge la Jimbo. Anafungua mlango, anafunga mlango, anatuliza fujo, na mara chache kama leo anamtafuta mbunge aliyepotea. Viatu vyake vilikuwa vimelowa tope la gati mpaka kwenye vifungo.

"Alikuwa na koti la kahawia?"

"La kahawia, kofia kaishusha mpaka puani. Nikamsalimia, 'Habari za asubuhi, Mheshimiwa Gilfillan.' Akakohoa."

"Akakohoa tu?"

"Akakohoa. Nikasema loo, leo kuna ugonjwa mkubwa. Maana Gilfillan ninayemjua mimi, ukimwambia habari za asubuhi anakuuliza asubuhi kwa mujibu wa nani."

Enos alicheka kidogo, kisha akaacha. Hakuwa na nafasi ya kucheka. Mji mzima ulijua shida yake. Wale mabwana waliojifungia Filadelfia kiangazi kizima, madirisha yamekomewa wasisikike, walikuwa wametoka na Katiba mpya na jasho jingi. Ili jimbo liikubali au liikatae, ilibidi kwanza Bunge lipige kura ya kuitisha mkutano wa wananchi wa kuijadili. Na uhai wa Bunge lenyewe ulikuwa unakwisha leo, jua likizama. Walioitaka Katiba walikuwa wengi. Wasioitaka walikuwa wachache, lakini walijua kuhesabu: wao wasipokuwepo akidi haitimii, na Bunge lisilotimia haliwezi hata kuamua kufungua dirisha. Basi alfajiri wakatoweka wote kama sukari kwenye chai. Akidi ikapungua mtu mmoja.

Spika Lathrop Vane alikuwa amemwita Enos pembeni, akamwambia kwa upole ambao ni mbaya kuliko ukali: "Mlete mmoja tu, Enos. Ukirudi mikono mitupu, hiyo fimbo iegemeze mlangoni. Ataishika mwingine."

"Mzee Tunis," alisema Enos, "huyo mgonjwa wako, miguu yake ilikuwaje juu ya farasi?"

"Mirefu. Tulipofika ng'ambo kwenye maji haba, viatu vyake vilikuwa vinaburura mtoni. Nikamwambia kunja magoti, baba, utavua samaki."

Enos alifunga vifungo vya koti lake. Robert Gilfillan, mbunge wa watu wa milimani, alikuwa mtu mfupi kiasi kwamba bungeni akisimama kuzungumza, wageni walidhani amekaa.

"Umeshapata?" aliuliza Tunis.

"Nimepata kwamba farasi kaondoka na bwana wake kabaki."

*

Nyumba ya wageni ya Mama Krebs ilikuwa upande wa pili wa barabara, ikilitazama jengo la Bunge uso kwa uso. Chini ilikuwa baa, mahali pa umma, mlango wazi kwa kila mwenye kiu. Juu vilikuwepo vyumba vya wapangaji, na juu zaidi chumba cha darini chenye kidirisha kidogo. Gilfillan alipanga hapo kila msimu wa Bunge, na kila msimu Mama Krebs aliapa kwamba hatampokea tena, kwa sababu alikuwa akibishana na wapangaji wengine mpaka supu inapoa.

Baa ilikuwa imejaa. Siku Bunge linapokwama, hakuna anayebaki kazini. Kila mtu anakuja kusikiliza limekwama vipi. Mama Krebs, mjane wa Kijerumani mwenye mikono kama ya mwashi, alikuwa akigeuza mikate ya ngano nyeusi kwenye kikaango.

"Hayupo," alisema kabla hajaulizwa.

"Nani, Mama Krebs?"

"Yeyote unayemtafuta. Kaondoka kabla jogoo hajawika. Kala, kashukuru, kaenda."

"Kashukuru?"

Mama Krebs aligeuza mkate ambao ulikuwa umeshageuzwa. "Kwa namna yake."

Enos aliuegemea mlango wa jiko. Chini ya meza palikuwa na ndoo ya maganda ya kulishia nguruwe: maganda ya viazi, majani ya kabichi, na juu kabisa, limejikunja kama nyoka aliyelala, ganda la tufaha. Moja, refu, halikukatika popote. Enos aliliokota kwa ncha mbili za vidole, likaning'inia mpaka karibu na goti lake.

Hakuna mtu Marlbury asiyejua ganda lile. Gilfillan alikuwa akimenya tufaha bungeni wapinzani wake wanapozungumza, na hakulikata ganda hata mara moja, kwa makusudi, ili macho ya wabunge wote yawe kwenye kisu chake na masikio yao yasiwe popote.

"Wapangaji wengi wanakula matufaha," alisema Mama Krebs.

"Wengi. Lakini tazama upande wa ndani. Mweupe. Tufaha likimenywa ganda halikawii kubadilika rangi, wewe unajua kuliko mimi, unapika pai kila siku. Aliyemenya hili kabla jogoo hajawika, mbona ganda lake halijajua kama kumekucha?"

Watu wa baa walikuwa wamenyamaza kwa utamu. Casper Lutz, mtengeneza mapipa, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma, alisogeza kiti chake karibu ili asikose neno.

"Haya, yupo," alisema Mama Krebs na kuweka kikaango chini. "Yupo juu. Sasa?"

"Sasa nampandia."

"Hati iko wapi?"

"Hati gani?"

"Hati ya hakimu. Usinifanye mjinga, Enos, mimi Kiingereza nilijifunzia kwenye Katiba ya jimbo letu, mume wangu alinisomea jikoni hapa. Nyumba ya mtu haipekuliwi bila hati. Chini hapa ni baa, kunywa mpaka uote mizizi. Juu ni nyumbani kwangu."

"Nina amri ya Bunge."

"Soma."

Enos hakuwa na haja ya kuisoma, alikuwa ameandikiwa yeye. "Aletwe bungeni Mheshimiwa Robert Gilfillan popote atakapoonekana."

"Umemwona?"

Enos alitazama dari. "Bado."

"Basi amri yako inamhusu mtu, haihusu ngazi zangu. Nenda kwa hakimu."

"Hakimu kaenda kwenye arusi ya mpwa wake, mwendo wa siku nzima."

"Mungu awabariki maarusi," alisema Mama Krebs, akarudi kwenye mikate yake.

Lutz alipiga paja. "Mpambe, umekwama kama kizibo. Mwambie basi ashuke mwenyewe."

"Lutz, ungekuwa wewe ungeshuka?"

"Mimi ningeshuka kwa soseji."

"Yeye ana tufaha." Enos alikaa, akaweka fimbo magotini. Akalitazama lile ganda. "Wenzake wote wamevuka mpaka wa jimbo. Farasi wake kampa rafiki mrefu akatupoteze. Kwa nini yeye mwenyewe hakwenda? Farasi ni wake, njia ni yake."

"Kachoka," alisema Lutz.

"Kile kidirisha cha darini kinatazama madirisha ya Bunge. Hakuweza kuondoka, Lutz. Alitaka asiwepo, halafu atazame tunavyofanya asipokuwepo." Akamgeukia. "Wewe umewahi kuongoza kikao?"

"Hata cha familia sijawahi. Mke wangu haruhusu."

"Vizuri sana. Kaa kile kiti kirefu cha karibu na ngazi. Leo wewe ni mwenyekiti. Na zungumza kwa sauti yako ileile ya kuita wateja ng'ambo ya mto."

*

"Kikao," alinguruma Lutz, akigonga nyundo yake ya mapipa mezani, "kimeanza. Nani ana la kusema aseme, asiye nalo aagize bia."

"Je, akidi imetimia?" aliuliza Enos, kwa sauti ya mtu anayeimba kanisani.

"Akidi ya nini? Watu wamejaa, mbwa yupo, tunaendelea."

Juu darini kitu kiligonga sakafu. Kiatu, au goti. Mama Krebs aliacha kukaanga.

"Naomba kutoa hoja," alisema fundi viatu mmoja aliyekwisha kuuelewa mchezo. "Kwamba Baa ya Mama Krebs ni mahali bora kuliko Bunge."

"Imepokelewa," alisema Lutz.

"Mwenyekiti, hakuna aliyeiunga mkono," alisema Enos.

"Haihitaji mkono, ina miguu yake. Mjadala. Mimi nitaanza."

"Mwenyekiti hajadili hoja."

"Mwenyekiti ndiye mwenye nyundo."

Sasa sakafu ya juu ilianza kulia kwa hatua za mtu anayetembea huku na huku. Vumbi lilishuka polepole kutoka kwenye mbao, likatua kwenye kikombe cha fundi viatu. Akalipuliza, akanywa. Watu walikuwa wamejiziba vinywa kwa kofia.

"Natoa marekebisho ya hoja," alisema mtu wa nyuma. "Tuseme baa yote isipokuwa kabichi chachu."

"Nani kasema kabichi yangu?" aliuliza Mama Krebs.

"Marekebisho yamepita," alisema Lutz. "Na marekebisho ya marekebisho yamepita pia, kwa kuokoa muda."

"Yapi hayo? Hakuna aliyeyatoa," alisema Enos.

"Yatatolewa. Tulieni. Sasa tunapiga kura. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo," iliitika baa nzima, na mbwa akabweka.

Lutz aliinua nyundo. Alimtazama Enos. Enos akainamisha kichwa kidogo sana kukubali, na Lutz akaishusha nyundo kwa kishindo.

"Waliosema ndiyo wameshinda. Hoja imepita. Tuendelee na hoja nyingine."

Mlango wa juu ulifunguka kwa nguvu.

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti!"

Hatua zilishuka ngazi mbio, fupi na nyingi, kama viazi vinavyomwagika. Robert Gilfillan alitokea kwenye kona ya ngazi bila koti, soksi moja imeshuka, kisu kidogo mkononi na nusu ya tufaha kwenye kisu.

"Hujauliza wanaopinga," alisema, akihema. "Mengine yote nimevumilia. Nimemvumilia mbwa. Lakini kura ambayo wanaopinga hawakuulizwa si kura, ni ulevi. Siku hiyohiyo tutakapoacha kuuliza nani anapinga, turudisheni mfalme, tumwombe radhi, tumpe na chai yake."

Alikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Enos alikuwa amesimama hatua moja mbele yake, fimbo wima, hakumgusa. Gilfillan aliitazama ile fimbo. Akatazama chini, akaona kidole chake kikubwa cha mguu kikichungulia ukingoni mwa ngazi, sakafu ya baa ikianzia hapo hapo. Akakirudisha.

"Enos Ruddock," alisema polepole. "Wewe ni mtu mwovu."

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa."

"Ni alasiri. Na mimi niko nyumbani kwa Mama Krebs. Hati unayo?"

"Sina."

"Basi nimekuja, nimesema, narudi." Akageuka.

"Mwenyekiti," alisema Enos, "hiyo hoja ya utaratibu unaiamuaje?"

Lutz alikuna kidevu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha sehemu hii. Ilitoka kichwani mwake mwenyewe, na aliisimulia mpaka uzeeni. "Siwezi kuiamua. Msemaji yuko nje ya ukumbi. Anayezungumza kwenye kikao si lazima awe ndani ya kikao? Hapo ngazini ni kwa Mama Krebs. Ukisema kutoka huko, ni sawa na mtu anapiga kelele dirishani."

Gilfillan alisimama, mgongo kwao. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Alikula kipande cha tufaha, akakitafuna mpaka kikaisha, na baa nzima ikakisikiliza kikiisha.

"Anachosema ni kweli," alisema kwa huzuni.

Akageuka, akashuka ile ngazi ya mwisho, akasimama kwenye sakafu ya baa.

"Mwenyekiti, napinga."

"Imeandikwa," alisema Lutz.

Enos aliweka mkono begani kwa mheshimiwa, taratibu, kama mtu anayemwomba mwenzake dansi. "Kwa amri ya Bunge."

"Niruhusu nivae viatu."

"Viko juu."

Mama Krebs aliviteremsha mwenyewe. Alipompa, alimwambia, "Ningekuficha mpaka Krismasi, mpumbavu wewe."

*

Wakati Enos anafungua milango ya Bunge, jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la kanisa. Wabunge walipiga meza. Gilfillan alikwenda kwenye kiti chake, akakaa, akakunja mikono, akatabasamu. Lile tabasamu Enos hakulipenda.

"Bunge limetimia," alisema Spika Vane.

Gilfillan aliikunjua mikono. Alielekeza kidole kwenye kitabu cha kanuni mezani kwa Katibu, kisha akakiweka kidole hichohicho midomoni.

Katibu alifungua, akasoma, akakohoa. "Mheshimiwa Spika, kwa kanuni zetu akidi huhesabiwa kwa sauti. Aliyepo bila kutoa sauti yake kwenye kura… hesabu haimwoni."

Ndipo Enos alipoelewa tabasamu. Mtu alikuwa ameletwa, mdomo haukuletwa. Alitazama dirisha, akatazama ukuta ule ambapo fimbo ingeegemezwa.

Spika alikuwa mtu wa Katiba mpya mpaka kwenye unyayo, lakini alikuwa Spika. Alisimama. "Hoja ni kwamba jimbo hili liitishe mkutano wa wananchi kuijadili Katiba iliyoletwa. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," ilikuja kama ngurumo.

"Wanaopinga?"

Kimya. Spika hakuharakisha. Alimtazama Gilfillan, akangoja kama mtu anavyongoja mgeni amalize kusali. Gilfillan alitoa tufaha la pili mfukoni, akaanza kumenya. Ganda lilishuka, likashuka.

"Niandike nini, Mheshimiwa Spika?" aliuliza Katibu.

"Andika kilichotokea. Waliosema ndiyo, wote. Hakuna aliyepinga."

"Kura itakuwa batili, akidi haijatimia."

"Batili, ndiyo. Lakini iandike hivyo. Magazeti yatataka kujua milima ilisema nini. Andika milima haikusema kitu."

Kisu kilisimama. Ganda lilining'inia. Enos, mlangoni, aliona shingo ya Gilfillan ikigeuka nyekundu kuanzia kola kwenda juu.

"Mheshimiwa Spika," alisema Gilfillan bila kuinuka, "najua unachofanya."

"Hiyo si sauti ya kura, Mheshimiwa. Hiyo ni mazungumzo."

"Watu wangu wa milimani hawajaisoma hata hiyo Katiba. Barabara imekatika, haijawafikia. Na mimi niliyeisoma, sikuona ndani yake mstari hata mmoja unaosema askari asiingie nyumbani kwa mtu bila hati. Leo nimesalimika kwa sababu jimbo hili linao mstari huo na Mama Krebs anaujua. Kesho je?"

"Sema hayo kwenye mkutano wa wananchi. Utachaguliwa tu, nani atathubutu kukuzuia."

"Mkutano upo tu nikifungua mdomo."

"Ndivyo ilivyo."

Gilfillan alilitazama dirisha. Ilibaki kunyamaza kidogo tu, jua limalizie kazi, naye angekuwa ameshinda. Na kesho yake kila gazeti la jimbo lingeandika kwamba watu wake walikaa kimya.

Ganda likakatika. Lilianguka sakafuni vipande viwili, na wabunge wakaguna, maana halikuwa limewahi kukatika.

Akasimama. Wageni wa pembeni walidhani bado amekaa.

"Napinga," alisema. "Andika jina. Andika kwa herufi kubwa."

"Sauti imesikika," alisema Katibu, kalamu ikikimbia. "Akidi imetimia. Waliosema ndiyo wameshinda."

*

Enos alifunga milango, akaondoka na fimbo yake kwapani. Gilfillan alimfuata barabarani, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Walifika kwenye mlango wa Mama Krebs, ambako kelele zilikuwa hazijapungua. Lutz alikuwa bado kwenye kiti kirefu, sauti imemkauka, nyundo mkononi.

"Mwokoeni," alisema Mama Krebs. "Wamekwisha kupitisha sheria kumi na kitu. Wamepiga marufuku Jumatatu."

"Kwa nini hamjaenda nyumbani?" aliuliza Enos.

"Kikao hakijafungwa," alisema Lutz. "Hakuna aliyetoa hoja ya kukifunga, na mimi nimeambiwa mwenyekiti hatoi hoja. Mke wangu ameshatuma watu mara mbili."

Gilfillan alivuta kiti, akakaa, akavua viatu.

"Naomba kutoa hoja kwamba kikao kifungwe."

"Nani anaunga mkono?"

Enos aliinua fimbo. "Naafiki."

"Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyoooo."

Lutz aliinua nyundo, akaisimamisha hewani. Alimgeukia yule mtu mfupi mwenye soksi moja iliyoshuka.

"Wanaopinga?" aliuliza, akangoja, na baa nzima ikangoja naye, hata mbwa.